Ile Mainasi Imekwenda Wapi?

 

Wale mnaokuja kwenye kipindi chetu cha kusaidiana masomo cha Jumamosi mnanifahamu, mimi ni yule mzee wa hesabu anayekaa karibu na dirisha. Kwa wengine: nilikuja hapa Ohio mwaka 2004 kusomea uhandisi, nikamaliza, nikapata kazi, nikabaki, na jumuiya mpaka leo haijanifukuza. Juzi Jumamosi dada yetu mmoja wa Bujumbura alinitolea karatasi yake ya mtihani, wino mwekundu kila mahali, akaniuliza swali moja tu: "Kaka, ile mainasi imekwenda wapi?"

Dada huyu anataka kuingia kwenye unesi. Mchana anasoma, usiku anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na nyumbani ana watoto wawili. Unesi wenyewe hajauanza, kwa sababu kwanza lazima apite somo la aljebra, na chuo chake kinampa mtu nafasi tatu tu. Mbili zimeshakwenda. Tukakaa, tukapitia karatasi yote. Maswali 25, amekosa 11. Katika hayo 11, saba yalikuwa kosa lile lile moja: alama ya kutoa inayowekwa nje ya mabano. Mengine yote anayaweza, tena kwa haraka kuliko mimi. Nikamwambia mhariri, toleo hili nipe kurasa mbili, watu wanaumia.

Kosa hili nalijua lilikozaliwa. Wengi wetu tuliotoka Tanzania tulisoma hisabati kwa Kiswahili mpaka darasa la saba: mabano, kigawo cha shirika, MAGAZIJUTO na kadhalika. Kufika sekondari lugha ikageuka Kiingereza ghafla, na aljebra nzito ndiyo inaanza hapo hapo. Basi tukaishika kama wimbo. Mainasi mara mainasi ni plasi. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo ilivyo, kaa chini. Wenzetu wa Burundi na Kongo waliimba wimbo huo huo, ila wao kwa Kifaransa.

Haya, tuache wimbo, tuanze na deni. Deni kila mtu analijua. Tuseme unadaiwa dola 30 na mwenzako wa chumba, na dola 20 na mwenye duka la vyakula vya kwetu. Kwenye daftari lako utaandika:

−30 − 20

Mama akipiga simu kuuliza hali yako, hutamwambia "nina hasi thelathini na hasi ishirini". Utamwambia "mama, nadaiwa hamsini". Umefanya nini hapo? Madeni yote mawili umeyatia kwenye kapu moja, na neno "nadaiwa" umelisema mara moja tu, nje ya kapu:

−30 − 20 = −(30 + 20)

Mabano ndiyo kapu. Alama ya nje ndiyo lile neno nadaiwa. Ndani ya kapu zimebaki pesa tu, hazibebi tena alama ya deni, maana deni limeshasemwa nje. Sasa mtu akiandika −(−30 − 20), huyo amesema deni mara mbili, na ukifungua mabano unakuta yeye ndiye anayewadai watu 50. Ingekuwa raha sana, lakini mwenye duka hatakubali.

Twende hatua ya pili, na hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Unadaiwa 30 lakini mfukoni una 12. Daftari linasema −30 + 12. Toa alama nje:

−30 + 12 = −(30 − 12)

Ile 12 ilikuwa chanya. Imeingia kwenye kapu la madeni, imekuwa hasi. Ni sawa kabisa, kwa sababu pesa uliyo nayo mkononi inapunguza deni. Wengi wanageuza namba ya kwanza halafu ya pili wanaisahau, wanaandika −(30 + 12). Hapo umeongeza deni kwa pesa yako mwenyewe! Kila kilichomo ndani ya mabano kinageuka, cha kwanza mpaka cha mwisho, hata kama viko kumi.

Kwa wanaopenda kanuni, tunachotoa nje si alama tupu, ni namba −1. Uvivu wa kuandika 1 ndio unatufanya tuone kijistari peke yake. Ni kazi ile ile ya kutafuta kigawo cha shirika tuliyoifanya darasa la tano na la sita, isipokuwa kigawo chenyewe safari hii ni −1. Kwa mfano:

−4x + 7 = −1(4x − 7)

Hakiki kwa kuzidisha kurudi ndani: −1 mara 4x ni −4x, na −1 mara −7 ni +7. Tumerudi tulikotoka.

Na kwa nini −1 mara −7 iwe +7? Hili sikuwahi kuambiwa mpaka nimekuja huku, na ni fupi tu. Saba toa saba ni sifuri. Zidisha sifuri kwa −1, bado ni sifuri. Lakini −1 mara (7 − 7) ni −1 mara 7, ambayo ni −7, ukijumlisha na −1 mara −7. Jumla lazima iwe sifuri. Kitu gani ukikijumlisha na −7 unapata sifuri? Ni +7 tu. Basi, wimbo wote wa sekondari umekwisha katika mistari mitatu.

Tena msijione wajinga kwa kusumbuliwa na namba hasi. Mwaka 628 kule India mwanahisabati Brahmagupta aliandika kanuni za kujumlisha na kuzidisha namba hizi, na aliziita hivyo hivyo, madeni na mali. Lakini karibu miaka mia mbili baadaye, al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kutokana na kitabu chake tumepata hili neno aljebra, bado alizikwepa. Aliigawa milinganyo yake katika aina sita ili kila namba iliyoandikwa iwe chanya. Neno lenyewe al-jabr ni kurudisha kilichopunguzwa mahali pake, kama kuunga mfupa, na jina la Jabari tunalowapa watoto limetoka kwenye mzizi huo huo. Hivi vijialama + na − navyo vilichapishwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1489, kwenye kitabu cha Johannes Widmann cha hesabu za wafanyabiashara. Biashara na madeni, mnaona wenyewe.

Turudi kwenye karatasi ya dada. Swali la tisa lilimtaka arahisishe hii:

(x² − 9) ÷ (3 − x)

Yeye aliandika jibu x + 3. Wengi wenu mngeandika hivyo hivyo, msikatae. Akaona juu kuna (x − 3)(x + 3), chini kuna 3 na x na alama ya kutoa, akakata. Lakini x − 3 na 3 − x si kitu kimoja. Chukueni mfano wa watu wawili. Mimi nakudai wewe dola 5. Kwenye daftari langu ni +5, kwenye lako ni −5. Deni ni moja, madaftari mawili. Vivyo hivyo 8 − 3 ni 5, na 3 − 8 ni −5. Ukigeuza mpangilio wa kutoa, umehamia kwenye daftari la mwenzako, kwa hiyo:

3 − x = −(x − 3)

Sasa swali linakuwa (x − 3)(x + 3) juu, na −(x − 3) chini. Kata (x − 3) kwa (x − 3), inabaki (x + 3) ÷ (−1), yaani −(x + 3), au ukipenda −x − 3. Sharti ni kwamba x isiwe 3, maana hapo chini pangekuwa sifuri. Mnataka ushahidi? Weka x = 1. Swali linatoa −8 ÷ 2, yaani −4. Jibu letu linatoa −(1 + 3), ni −4. Jibu la dada linatoa 4. Kwa hiyo dada, ile mainasi haikwenda popote. Ilikuwa imejificha ndani ya mpangilio wa 3 − x. Hakuna aliyeiandika wazi, ndiyo maana hukuiona.

Ila angalieni msipitilize. 3 + x na x + 3 ni kitu kimoja, hakuna alama ya kutoa nje. Jumla haijali nani kaanza. Nimeona watu wakishafundishwa hili wanaanza kutia mainasi kila mahali kama chumvi.

Swali la kumi na mbili lilikuwa baya zaidi, na nalipenda kwa ubaya wake. Chambua kwa vigawo:

−x² + 5x − 6

Dada aliandika −(x² + 5x − 6), halafu akaendelea mpaka −(x + 6)(x − 1). Angalia ilivyopendeza! 6 mara −1 ni −6, 6 toa 1 ni 5, kila kitu kimekaa. Kosa likitoa namba mbovu utashtuka. Kosa hili linatoa namba safi kabisa, linakuchekea. Njia sahihi ni kugeuza zote tatu:

−x² + 5x − 6 = −(x² − 5x + 6) = −(x − 2)(x − 3)

Weka x = 2 kwenye swali: −4 + 10 − 6, ni 0. Kwenye jibu sahihi ni 0 pia. Kwenye jibu la dada ni −(8)(1), ni −8. Sekunde ishirini tu za kuhakiki zingemwokolea maksi nne. Mimi namshauri kila mtu achague namba ndogo, 1 au 2, aiweke pande zote mbili kabla ya kwenda swali linalofuata. Usichague 0 peke yake, kwa sababu mara nyingine 0 inatoa namba ile ile pande zote na kukudanganya.

Na ukitaka kuiingiza ile alama ndani, iingize kwenye bano moja tu. −(x − 2)(x − 3) ni sawa na (2 − x)(x − 3), au ni sawa na (x − 2)(3 − x). Lakini si (2 − x)(3 − x). Hapo umelipa deni moja mara mbili, na alama zimeuana. Kwa sababu hiyo hiyo (5 − x)² ni sawa na (x − 5)², mainasi mbili zimemalizana, lakini (5 − x)³ ni −(x − 5)³, moja imebaki bila mwenza.

Sasa niseme langu, maana nisije nikaonekana namcheka dada wa watu. Muhula wangu wa kwanza hapa, Desemba 2004, nilikuwa nalipiwa nusu ya ada kwa sharti kwamba somo la hesabu nipate angalau 80. Kwenye mtihani wa mwisho likaja swali la jiwe. Umesimama kwenye ukingo wa mita 25, unarusha jiwe juu kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, na kimo chake baada ya sekunde t ni:

h = −5t² + 20t + 25

(Ile 5 ni nusu ya mvutano wa dunia, 9.8, ikiwa imekadiriwa kuwa 10.) Jiwe linafika kileleni lini, na kimo gani? Dawa yake ni kutoa −5 nje ya hizo mbili za mwanzo, halafu kukamilisha mraba. Mimi, kijana niliyekuwa wa kwanza shuleni kwetu, niliandika −5(t² + 4t) + 25. Nikaendelea kwa raha zangu mpaka −5(t + 2)² + 45. Jibu: kimo mita 45, wakati ni sekunde −2. Nikapiga mstari chini, nikakabidhi karatasi nikatoka. Jiwe langu lilifika kileleni sekunde mbili kabla sijalirusha.

Ilitakiwa hivi. −5 mara ngapi inatoa +20t? Ni −4t, si 4t. Basi:

−5(t² − 4t) + 25 = −5[(t − 2)² − 4] + 25 = −5(t − 2)² + 45

Sekunde 2, mita 45. Tazameni kwamba kimo nilikipata sawa. Alama iliharibu wakati tu, na ndiyo maana sikushtuka. Swali lilikuwa la maksi 8, nikapewa 3. Jumla ya somo zima ikawa 79.

Nililipa ada kamili muhula uliofuata. Wakati ule mwanafunzi wa kigeni, kama ilivyo leo, aliruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, basi nikaosha vyombo kwenye bwalo saa zote 20. Haikutosha. Nikanunua kadi ya simu ya dola 5 nikampigia baba Tanga. Nikamweleza yote, mpaka jiwe. Akanyamaza kidogo, kadi inaliwa, kisha akasema: "Kwa hiyo ni kijistari tu ndicho kimekula ng'ombe wangu?" Aliuza wawili. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Kuna jambo moja bado, nalo linawachanganya hata wale wanaofanya vizuri. Dada aliniuliza: "Mbona mwalimu darasani aliifuta ile mainasi, mimi nikiifuta ananikata?" Swali zuri. Mwalimu alikuwa na mlinganyo, −x² + 5x − 6 = 0. Mlinganyo una pande mbili kama mizani. Ukizidisha pande zote kwa −1, kulia sifuri inabaki sifuri, kushoto inakuwa x² − 5x + 6, na majibu ni yale yale, 2 na 3. Ruksa kabisa, mainasi imekwenda na sheria. Lakini dada alipewa −x² + 5x − 6 peke yake, hakuna alama ya usawa, hakuna upande wa pili. Hapo ukifuta mainasi umebadilisha kitu chenyewe. Ni sawa na kufuta neno "nadaiwa" kwenye daftari na kudhani umelipa. Hata kwenye y = −x² + 5x − 6 huwezi kuifuta ukaacha y ilivyo; grafu iliyokuwa kama kilima itakugeukia iwe kama bakuli. Kwa hiyo kabla ya kugusa alama yoyote, uliza kwanza: hapa kuna sawasawa na sifuri au hakuna? Na kama alama ya katikati ni ya kubwa kuliko au ndogo kuliko, ukizidisha kwa −1 lazima na yenyewe uigeuze: −x > 3 inakuwa x < −3.

Mwisho ni yale maswali ya vipande vinne. Mfano x³ − 2x² − 9x + 18. Viwili vya mwanzo vinatoa x²(x − 2). Viwili vya mwisho, toa −9 nje, si 9: −9(x − 2). Sasa mabano yanafanana, unapata (x − 2)(x² − 9), yaani (x − 2)(x − 3)(x + 3). Ukiona mabano yako yametoka (x − 2) huku na (x + 2) kule, usianze kulia, rudi uangalie kama alama ya mwisho uliigeuza. Mara tisa kati ya kumi ni hapo.

Jaribuni haya nyumbani, bila kikokotoo: rahisisha (6 − 2x) ÷ (x − 3), chambua −x² + 2x + 15, chambua ab − 3a − 2b + 6. Ukipata −2, halafu −(x − 5)(x + 3), halafu (a − 2)(b − 3), uko salama. Usipopata, Jumamosi tupo chumba kile kile, chai ipo, na safari hii tumeahidiwa maandazi.

Dada tumerudia naye maswali yote saba, kisha nikamtungia mengine 30 ya aina hiyo, akakosa mawili. Mtihani wake ni Jumanne saa tatu asubuhi. Watoto watakaa kwangu.